Leso Si Pazia

Mombasa hatusemi kanga. Tunasema leso. Mgeni akifika Biashara Street akaulizia kanga ataeleweka na atauziwa, lakini muuzaji atamjibu kwa neno lake: leso. Nguo ni ile ile. Pamba nyepesi, upana wake kama mita moja na nusu, kimo chake mita moja na kidogo. Pindo limeizunguka pande zote nne, katikati pana mji, na chini ya mji pana jina, yaani yale maneno. Huuzwa mbili mbili zikiwa zimeshikana. Unazikata, unampa fundi wa cherehani aliyekaa barazani azikunge, unakwenda zako.

Mengi yameandikwa juu ya leso na mwili wa mwanamke: namna ya kuifunga, nani kamrushia nani maneno, leso ya uzazi, leso ya msibani. Mimi nataka kuizungumzia leso kama nguo ya nyumba. Nakusudia pazia, foronya, mto wa kochi, kitambaa cha meza, nguo ya kutundikwa ukutani. Ingia nyumbani kwa Mmombasa anayeishi Birmingham, Toronto au Muscat, na aghalabu utaikuta mahali. Kisha njoo kwao Kuze au Kibokoni uangalie madirisha. Utaona pazia la poliesta lenye kung'aa, limenunuliwa dukani au limeletwa na mtu kutoka Dubai. Leso utaiona kwenye kamba ya nguo.

Kwa nini basi nguo ambayo nyumbani haipandi dirishani, ughaibuni huwa ya kwanza kupanda?

Swali hili lilinijia kwa sababu ya shangazi yangu. Miaka niliyoishi Birmingham nilipanga chumba chenye kuta nyeupe na mkataba mrefu. Msumari marufuku, rangi marufuku, hata gundi ya ukutani marufuku. Kilichobaki ni kitambaa. Jumamosi nilikuwa nikienda Rag Market, lile soko la mjini ambako vitambaa huuzwa kwa mita na mabaki huuzwa kwa bei ya kutupa, nikanunua bitana na uzi. Leso nilikuwa nazo, nilitoka nazo nyumbani. Nilishona pazia, nikashona foronya nne za mito, nikampelekea shangazi picha. Jibu lake lilikuwa la sauti, na nyuma yake nasikia adhana ya alasiri: "Hiyo leso watundika ama waanika? Leso si pazia, mwanangu. Leso ni sitara ya mtu."

Shangazi yangu si mtu wa kusema ovyo. Kwa hivyo maneno yake niliyachukua kama dai la historia, nikaanza kulipima.

Tuanze na leso yenyewe ilivyozaliwa. Neno limetoka kwa Wareno: lenço, kitambaa cha mkononi. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakang'olewa mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, wakarudi kidogo 1728 hadi 1729, na basi. Neno lao likabaki mjini. Karibu miaka mia mbili baadaye, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ndipo nguo tunayoijua leo ikatokea. Hadithi inayosimuliwa pwani nzima ni kwamba wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, ambavyo wenye maduka waliwakatia kutoka kwenye gora. Badala ya kuvitenganisha kimoja kimoja, walikata vitatu vilivyoshikana, wakakata vitatu vingine, wakaviunga kwa mshono mmoja wa katikati. Wakapata nguo moja pana yenye miraba sita. Unguja wanasema mambo hayo yalianza kwao, Mombasa tunasema yalianza kwetu. Ugomvi huo tuuache. Muhimu ni kwamba wafanyabiashara waliona, wakaagiza nguo pana iliyochapwa tayari, isiyohitaji mshono.

Kwa maneno mengine, leso ilianza kama kazi ya sindano. Ilikuwa kitambaa rahisi kilichoshonwa na mwanamke ili kiwe kitu ambacho muuzaji hakukifikiria. Anayesema leso haikatwi wala haishonwi anasahau kwamba isingekatwa na kushonwa isingekuwako.

Lakini shangazi hakusema haishonwi. Alisema si pazia. Hapo inabidi tuingie ndani ya nyumba.

Mombasa imejua nguo za nyumbani tangu zamani sana. Francisco de Almeida alipouvamia mji huu Agosti 1505 na kuuchoma moto, mmoja wa waliokuwa katika msafara ule aliacha maelezo ya walichopora. Wametajwa watu waliovaa hariri na nguo za nyuzi za dhahabu. Yametajwa mazulia, na moja likasifiwa kuwa halina mfano, likapelekwa kwa mfalme wa Ureno. Kuna pia jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko zulia: shehena ya nguo za pamba kutoka Cambay, huko Gujarati, kwa kuwa Mombasa ndiyo iliyokuwa ghala la kugawa nguo hizo katika pwani. Yaani tangu wakati huo kisiwa hiki kilikuwa kinaishi kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwingine.

Nyumba za mawe zilizojengwa na matajiri wa pwani zilikuwa na sababu ya kuhitaji nguo. Dari zilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali. Chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake hauzidi mita tatu hivi. Lamu, ambako nyumba kama hizo zimehifadhika vizuri zaidi kuliko Mombasa, utaona vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, msana wa tini, msana wa juu, kisha ndani, na kati yao pana nafasi pana zilizozibwa kwa mapazia. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyozidi kuwa wa siri, hadi kufikia zidaka za chokaa zilizopangwa vyombo vya kaure kutoka China. Ukuta wa jiwe ulimkinga mwenye nyumba na mtaa. Pazia lilimkinga na wa nyumbani mwake.

Sitara hiyo ilitoka hata nje ya mlango. Huko huko Lamu, mwanamke wa kiungwana alipotaka kutembea alikwenda chini ya shiraa, nguo pana iliyoinuliwa kwa fimbo, na walioibeba walikuwa watumwa wake. Ilikuwa ni chumba kinachotembea. Mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya watumwa na utumwa wenyewe vilipokwisha na wabebaji wakakosekana, shiraa ikatoweka na buibui likashika nafasi yake, ambalo mtu hulibeba mwenyewe.

Basi nguo ya kustiri nyumba na nguo ya kustiri mtu, kwa watu wa pwani, hazikuwa mbali. Pazia nalo ni sitara. Hapo dai la shangazi linalegea kidogo.

Ila hebu tuwaangalie waliokuwa wakiibeba ile shiraa. Wao walijistiri kwa nini?

Kwa merikani na kaniki. Merikani, au amerikani, ni pamba nzito isiyotiwa rangi iliyotoka kwenye viwanda vya Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na kitambaa hicho kikaenea hadi bara ya mbali, kikawa kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mtiririko huo, na viwanda vya Bombay vikapata nafasi. Lakini jina lilibaki, maana Waswahili tukishaipa nguo jina hatubadilishi kwa sababu ya kiwanda. Kaniki ni pamba iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Hizo mbili ndizo zilizokuwa nguo za mtumwa. Hazina ua, hazina pindo, hazina neno.

Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi wanawake wa Unguja waliokuwa watumwa walivyoiacha kaniki na kukimbilia nguo zenye maua na rangi. Mombasa habari haikuwa mbali na hiyo. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipokusanya masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, kitabu kikatoka mwaka 1989, walimweka Kaje wa Mwenye Matano, wa ukoo uliokuwa na watumwa, karibu na Mishi wa Abdala, wa uzao wa watumwa. Ukiwasoma pamoja unafahamu kwamba arusi, ngoma na mavazi havikuwa mchezo. Hapo ndipo watu walipopimana nani ni nani.

Leso ilikuja katika kipimo hicho. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na alama yake, Mali ya Abdulla, bado inachapwa kwenye leso na bado inasakwa Biashara Street. Maneno ya Kiswahili yaliongezwa kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini. Fikiria mtu ambaye mama yake alivaa kaniki kavu isiyosema kitu. Leo ana nguo yenye mji, yenye pindo, yenye kusema. Katikati ya leso kuitwa mji si jambo dogo kwa mtu ambaye mjini hakuhesabiwa miongoni mwa wenye mji.

Na alikaa wapi mtu huyu? Nyumba ya mawe hakuwa nayo. Wengi wa waliokuwa watumwa, pamoja na waliokuja kutoka bara kutafuta kazi bandarini na relini, walikaa Majengo na mitaa mingine iliyoota pembeni mwa Mji wa Kale. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, baadaye mabati: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake. Hata mwenye nyumba mara nyingi hakuwa na ardhi chini ya nyumba yake. Mombasa tuna msemo wa kisheria kabisa wa jambo hilo: nyumba bila ardhi. Unalipia kiwanja, kuta ni zako, udongo ni wa mwingine.

Katika nyumba kama hiyo, na kwa joto la Mombasa, mlango wa chumba haufungwi mchana. Ukiufunga utaiva. Kinachosimama kati ya familia moja na nyingine ni pazia la mlango, kipande chochote cha nguo kilichopitishwa uzi. Pazia likiwa limeteremshwa unapiga hodi. Likiwa limefungwa fundo unaingia. Waliolelewa katika nyumba za vyumba wanaijua sheria hii bila kufundishwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Katika nyumba hizo mlango wenyewe ulikuwa ni kitambaa.

Nikafika hapo nikaona jibu la kwanza la swali langu. Mmombasa aliyepanga chumba ughaibuni, aliyekatazwa msumari, amerudi kwenye hali ya mpangaji wa Majengo. Kuta si zake. Anaweza kumiliki kile tu kinachokunjika na kutiwa sandukuni. Wala si yeye wa kwanza kukaa hivyo katika habari za mji huu, uliojaa watu waliofika na bahasha ya nguo: Mhadhrami, Mbaluchi, Mkachi, mfanyakazi wa reli wa mwaka 1896.

Jibu la pili ni la ufundi, na hapo shangazi ana haki yake kamili. Leso ni nyepesi. Ukiitundika dirishani Kuze, usiku ukawasha taa, jirani wa ng'ambo ataona kila unachofanya, maana vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi cha kupeana chumvi. Sitara iko wapi? Tena jua la Mombasa na upepo wa chumvi huila rangi, na nyekundu ya leso hugeuka waridi iliyochoka kabla hujamaliza kuifurahia. Poliesta ya Dubai, tuseme ukweli, hustiri vizuri zaidi na haichujuki. Birmingham jua lenyewe ni la kuazima. Leso hudumu.

Na hata huko haidumu peke yake. Anayetaka kushona asikie haya. Kwanza ilowekwe kwenye maji baridi yenye chumvi, ifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe. La sivyo itatia rangi bitana. Pili, doti usiikate. Zikiwa zimeshikana una kitambaa cha mita tatu kwa mapana, na dirisha la mita moja na nusu linataka mara mbili ya upana wake ili mikunjo ikae vizuri. Kimo kinatosha dirisha la mita moja, ukishatoa sentimita saba za juu za kupitishia fimbo. Fimbo yenyewe iwe ya kujikaza kati ya kuta mbili, isiyotaka msumari. Tatu, nyuma yake shona shuka kuukuu. Shuka ndiyo itakayozuia baridi na macho. Leso itakuwa sura tu. Foronya nazo ni rahisi: kata mji peke yake, nyuma weka vipande viwili vilivyopandana ili mto uingie bila zipu. Pindo litakalobaki usilitupe, linafaa kupamba ukingo wa kitambaa cha meza.

Jambo moja huwezi kulishona. Mikunjo ya pazia hulimeza jina. Herufi zinaingia ndani, zinatoka, na kilichobaki ni vipande vya maneno visivyosomeka. Leso iliyonyamaza. Kwa jirani Mwingereza hasara hiyo haipo, kwake yale ni mapambo tu. Mwaka 2013 British Museum iliweka leso kwenye maonyesho ya nguo za Afrika, zimenyooshwa, kila neno laonekana. Huko ilikuwa nguo ya makumbusho. Kwangu ilikuwa pazia bubu. Nyumbani leso bado inasema na mtu. Huenda hilo ndilo shangazi alilolionea uchungu, ingawa hakulisema hivyo.

Lakini kuna leso moja iliyonifanya nisikubali kwamba jambo hili ni la mapambo. Binamu yangu alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kama wanavyokwenda mabinti wengi wa pwani. Chumba alichopewa kilikuwa stoo kando ya jiko, na kioo cha mlango wake kilitazama ukumbini. Pazia hakupewa. Alipoliomba aliambiwa hana haja nalo, anaingia kulala tu. Alikuwa na doti moja ya leso aliyopewa na mamake. Moja aliifunga kwenye kile kioo kwa pini za nguo. Ya pili aliitandika kitandani. Aliniambia kwamba kwa miaka miwili hakuna kitu alichokiangalia sana kama lile pindo, maana alilala akilitazama. Alilijua kila ua. Na jina, kwa kuwa hakukuwa na mikunjo, alilisoma kila usiku. Hakuniambia lilisemaje, na mimi sikumuuliza.

Hiyo ilikuwa pazia au sitara? Ilikuwa pambo au ukuta? Nikipanga mikunjo yangu Birmingham ningeweza kutenganisha hayo mawili, kwa sababu mlango wangu ulikuwa na ufunguo na ufunguo ulikuwa wangu. Yeye hakuweza. Wala hakuweza mpangaji wa Majengo, wala yule mwanamke aliyeitupa kaniki akachukua nguo yenye maua. Kwao kupendeza na kustirika vilikuja kwa kitambaa kimoja, kwa bei moja, kwa sababu hawakuwa na cha pili. Kwa hivyo nasema hivi: asiyemiliki kuta, pambo lake ndilo ukuta wake. Leso imefanya kazi hiyo Mombasa tangu siku ilipoungwa kwa sindano, na inaendelea kuifanya kila inakopelekwa.

Mimi na shangazi hatujapatana. Nilipomweleza habari za vitambaa sita vya mkononi alicheka, akasema wale walishona wapate kuvaa. Nilipomweleza ya binamu alinyamaza, kisha akauliza ile leso iko wapi sasa.

Iko Kibokoni. Imechakaa, rangi imekwisha upande uliotazama taa. Leso za kwetu hufuata njia moja: huanza mpya ya kutokea, ikazoeleka ikawa ya ndani, ikawa mbeleko, ikawa winda, ikamalizia dekio la kupangusia sakafu, na hakuna anayeona haya. Ile ya binamu imefika kwenye mbeleko. Mtoto wake wa kwanza anabebwa nayo.

Ya pili, ile ya kitandani, shangazi ameiomba. Ameikunja akaiweka kabatini, juu kabisa, pamoja na za arusi.